Kitabu cha mwezini kilichokosa mnunuzi kina somo kwa mfanyabiashara mdogo

WATU wengi huamini kwamba kitu kikiwa cha kale basi ni lazima kiwe na bei kubwa. Imani hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wafanyabiashara kununua ovyo vitabu na majarida ya zamani wakitegemea kutajirika, na ndiyo inayowapa matapeli mwanya. Biashara ya vitabu vya safari za anga za juu huko Marekani inaonyesha kuwa mambo hayako hivyo.

Julai 18, 2019, zikiwa zimebaki siku mbili tu kutimia miaka 50 tangu binadamu atue mwezini, kampuni ya Christie's ilinadi jijini New York kitabu cha ratiba walichokitumia Neil Armstrong na Buzz Aldrin ndani ya chombo kilichowatua huko. Baadhi ya kurasa zake zina mwandiko wa Aldrin, alioandika akiwa huko huko mwezini. Wathamini walikadiria kuwa kingeuzwa kati ya dola milioni 7 na milioni 9 za Marekani. Wanunuzi walipanda hadi dola milioni 5, wakaishia hapo. Kitabu hakikuuzwa.

Mkulima wa kahawa aliyezoea mnada anaielewa hali hiyo. Makadirio si bei. Mwenye mali huweka kiwango ambacho hawezi kuuza chini yake, na kisipofikiwa mali inarudi ghalani. Bei halisi ni ile ambayo mtu ametoa fedha mfukoni.

Hata hivyo, Julai 2022, kampuni ya Sotheby's iliponadi vitu vilivyokuwa vya Aldrin mwenyewe, muhtasari wa mpango wa safari hiyo hiyo uliuzwa kwa zaidi ya dola 800,000. Mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza ulitoka wapi, kwa sababu muuzaji ndiye aliyesafiri.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii: historia ya umiliki. Mwaka 2015 mtu mmoja alinunua kwa dola 995 mfuko uliokuwa ukinadiwa na serikali ya Marekani. Baadaye ilithibitika kuwa ndio uliobebea mawe na vumbi la mwezini katika safari ya kwanza. Mwaka 2017, baada ya mahakama kuamua kuwa ni mali yake halali, uliuzwa kwa dola milioni 1.8. Mfuko ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni ushahidi na haki ya kumiliki.

Haki hiyo ilimsumbua hata nahodha wa Apollo 13, Jim Lovell. Novemba 2011 daftari lake lenye hesabu alizopiga wakati chombo chao kilipopata ajali mwaka 1970 lilinadiwa kwa zaidi ya dola 388,000. Shirika la anga la Marekani, NASA, likahoji kama lilikuwa lake, na mauzo yakasimamishwa. Ilibidi itungwe sheria mwaka 2012 iliyowapa wanaanga wa enzi hizo umiliki wa vitu kama hivyo.

Je, vitabu vya kawaida vina bei gani? Vingi havina bei kubwa. Safari ya mwaka 1969 ilifuatwa na vitabu na majarida yaliyochapwa kwa wingi mno, na watu wengi waliyaweka kama kumbukumbu. Kitu kikijaa sokoni bei hushuka, iwe nyanya au kitabu. Kinachopandisha bei ni toleo la kwanza, jalada la karatasi la nje likiwa bado zima, na sahihi ya mwanaanga. Mhuri wa maktaba, unyevu na mchwa hushusha.

Sahihi nazo zina mtego. Armstrong, aliyefariki mwaka 2012, aliacha kuwasainia watu miaka mingi kabla ya kifo chake, na uhaba huo ulizaa sahihi nyingi za kughushi. Tena, wanaanga walitumia mashine za kusaini ili kujibu barua nyingi walizopokea, na sahihi ya mashine haina bei ya ile ya mkono.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii haiko mbali. Miaka ya mwanzo ya 1960 Zanzibar ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya wanaanga wa kwanza wa Marekani, na Desemba 12, 1970 satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mwenye vijitabu, picha au barua za shughuli hizo asizifungie karanga. Azitunze pakavu na aandike alizipata kwa nani na lini.

Hatusemi kwamba atapata mamilioni. Lakini mzigo usio na maelezo, uwe wa vitabu au wa kahawa, bei yake hupangwa na mnunuzi. Anayetunza kumbukumbu ndiye anayekwenda sokoni akiwa na la kusema.