TUSING'OE MABOGA KWA SABABU YA MAUA DUME



Tangu wiki mbili maneno inatembea katika internati: eti maboga ya nyuma ya jiko imekuwa dume, inatoa maua tu, haizai. Wengine wanaomba tuyang'oe siku ya salongo, tupande muhogo. Sisi wasimamizi wa wanafunzi tunasema: hapana, mungoje kwanza. Na sababu yetu inatoka katika biolojia ile ile tunayoandika katika makaye.

Boga si kama mbuzi, huyu dume, yule jike. Mmea mmoja unabeba maua ya namna mbili. Uangalie chini ya ua: jike njo ile yenye kiboga kidogo, dume iko na kikonyo tu. Kwa kawaida dume inatangulia, jike inafuata. Basi mmea wenye maua dume peke yake mwanzoni si tasa. Uko njiani.

Nani anaamua ua litakuwa nini? Homoni. Wenye elimu wamechunguza sana tango, ndugu ya boga. Kila ua la tango, likiwa bado changa kabisa, linaanza na etamini na pistili, vyote viwili. Kiisha upande mmoja unasimamishwa, mwingine unaendelea. Etileni, ile gazi inayoivisha ndizi, inasukuma ua kuwa jike. Jibereleni inavuta kwa dume. Auksini inasaidia jike, lakini kwa kupitia etileni, maana inaiongeza. Joto kali linaweza kuongeza maua dume. Hii yote ni mizani, na mizani inaweza kugeuka mmea ukiendelea kukomaa.

Lakini tusikariri kama kasuku kwamba etileni ni homoni ya kike na jibereleni ya kiume. Kwa mahindi mambo inageuka. Kule jibereleni njo inasimamisha etamini katika gunzi, gunzi libaki jike. Na katika ua dume la juu, homoni ingine, jasmonati, inafanya pistili zife. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba muhindi uliokosa jasmonati pale unaotesha pistili juu, mahali pa etamini. Hata tikiti maji, la ukoo mmoja na boga, etileni yake inapunguza maua jike. Homoni ni ile ile, lakini kila mmea, na kila kiungo, unaisikia kwa namna yake.

Njo maana tunaona ni vibaya kuhukumu shamba kwa neno moja tu, « dume ». Mwanafunzi anaweza kuandika majina ya homoni zote siku ya Examen d'État, kiisha atoke inje na kung'oa mmea usio na kosa. Elimu ya namna hiyo inatusaidia nini?

Wengine watajibu: « Siye tunataka chakula, sio somo. » Ni haki yao. Lakini majani ya maboga tunakula hata leo, na muhogo utatuomba miezi mingi mbele ya kutupa kitu katika sahani.

Basi tunapendekeza hivi. Kwanza, kila kalasi ihesabu maua dume na maua jike kila asubuhi, muda wa wiki tatu, na iandike. Pili, mtu asichume maua dume yote kwa kupika: bila dume, jike halizai. Tatu, ua jike linafunguka asubuhi moja tu. Siku hiyo tuchume ua dume moja, tupake unga wake juu ya pistili, mapema, mbele ya jua kupanda. Kiboga kikigeuka manjano na kuanguka, mara nyingi ni kwa kukosa ule unga, nyuki hawakufika. Hapo homoni haina kosa.

Wiki tatu zikiisha na hesabu haionyeshi jike hata moja, sisi wenyewe tutabeba majembe wa kwanza. Mbele ya hapo, jembe lingojee.

Kwa niaba ya wasimamizi wa wanafunzi,
Msimamizi mkuu, mwaka wa sita