Mtumiaji Ana Haki ya Kusema

Tangu mwaka 2023 kumekuwa na mabishano makali baina ya watu watumiao mfumo wa kompyuta uitwao Ubuntu. Wanabishania programu mpya ya kuusakinisha mfumo huo, yaani programu ya kuuingiza ndani ya mashine kwa mara ya kwanza. Wako walioisifu, na wako walioilaani. Huenda mfanyakazi wa Kasense au mwanachama aliyeko Mazwi akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa Ufipa, tulio na mahindi ya kupalilia na watoto wa kusomesha? Sisi twasema yanatuhusu sana, na leo tutaeleza kwa nini.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lifahamike. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni bati na waya tu. Mfumo endeshi ndio unaoamka mashine inapowashwa, ukazipa programu nyingine zote nafasi ya kufanya kazi. Mfumo ulio mashuhuri zaidi katika ofisi zetu ni Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, nayo haiwaruhusu watu wengine kuyabadili maandishi yake ya ndani. Ubuntu ni wa namna nyingine. Umejengwa juu ya Linux, maandishi yake yako wazi, na mtu yeyote aweza kuuchukua, kuunakili, kuurekebisha na kumpa jirani yake bila kulipa hata senti moja. Ulitolewa mara ya kwanza mwezi Oktoba 2004, chini ya kampuni ya Canonical iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hata jina lake si geni kwetu: ubuntu wa Wazulu ndio huo huo utu wa Waswahili.

Tena jambo hili lina haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuipatia Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, ila kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 iliyoifuata huzikataa mashine nyingi za zamani, kwa kuwa yadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Na mashine za zamani ndizo tulizo nazo wengi wetu, maana tumezoea kununua zile zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mashine ni nzima, kibodi yaandika, skrini yaonyesha, lakini mwenye mfumo ameamua kuwa imezeeka. Aliye na mashine kama hiyo ana njia tatu: kununua mpya, kuendelea na mfumo usio na ulinzi, au kuingiza mfumo huria kama Ubuntu. Akichagua njia ya tatu, kitu cha kwanza atakachokutana nacho ni hiyo programu ya kusakinisha. Ndiyo mlango wa nyumba. Mlango ukimshinda, hataijua nyumba yenyewe daima; atarudi kwa fundi wa mjini na kumwomba ampigie Windows ile ile ya kuibwa.

Basi tutazame yaliyotokea. Tangu mwezi Juni 2006 Ubuntu ulikuwa na programu ya kusakinisha iitwayo Ubiquity, na watu wakaizoea kwa miaka mingi. Katika toleo la 23.04 la mwaka 2023, Canonical ikaleta nyingine iliyoandikwa upya, na ile ya zamani ikabaki kando kama akiba. Mwezi Aprili 2024 hiyo mpya ikaingia katika toleo la 24.04, ambalo ni la kutunzwa kwa miaka mingi, na hapo ndipo watu wengi zaidi walipokutana nayo.

Walioisifu walikuwa na sababu. Maelezo yake yamepangwa vizuri kuliko ya ile ya kwanza. Mtu mwenye ulemavu wa macho hupata vyombo vya kumsaidia mwanzoni kabisa, kabla hajabonyeza lolote. Anayesimamia mashine nyingi aweza kuandika majibu yake yote katika faili moja, kisha kila mashine ikayasoma na kujisakinisha bila yeye kukaa mbele yake. Kwa shule yenye chumba cha kompyuta 20, hiyo si faida ndogo.

Waliolalamika nao walikuwa na sababu. Baadhi ya mambo yaliyowezekana katika ile ya zamani hayakuwemo katika mpya ilipoanza, yakawa yanarudishwa moja moja katika matoleo yaliyofuata. Wako walioeleza kwamba ilikatika katikati ya kazi. Wengine walichukizwa na mpango ulioanza katika toleo la 23.10, wa kuweka programu chache tu kwa mtu asiyechagua. Mtu huyo akibonyeza upesi upesi bila kusoma, humaliza kazi na kujikuta hana hata programu ya kuandikia barua. Kwa mtu wa London hilo ni jambo la dakika mbili za intaneti. Kwa mtu anayenunua bando kwa fedha ya mboga, ni jambo jingine kabisa.

Sasa wako watu wasemao kwamba kitu cha bure hakilalamikiwi. Husema: umepewa, shukuru, nyamaza. Sisi twakataa maneno hayo, nayo ni mabaya kuliko yanavyosikika. Hayo ndiyo maneno aliyozoea kuambiwa mtu aliyetawaliwa. Mfumo huria si sadaka. Umejengwa kwa jasho la watu wengi, wengine wakilipwa na makampuni na wengine wakijitolea, na sharti lake la msingi ni kwamba anayeutumia ana haki ya kuuchungulia, kuubadili na kuusemea. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwandishi wa programu aweza kuwa hodari sana, lakini hajui ilivyokwama katika mashine ya mwalimu mpaka mwalimu amwambie.

Wala si kweli kwamba malalamiko hayaleti kitu. Tutatoa mfano wa Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, ambao ndio Ubuntu ulijengwa juu yake. Kwa miaka mingi wenye Debian walikataa kutia katika diski yao rasmi ya kusakinishia zile programu ndogo za kuendeshea vifaa zilizofungwa na makampuni yaliyovitengeneza. Walishika kanuni, nasi twaiheshimu kanuni. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtu mwenye kompyuta mpakato aliweza kufika katikati ya kazi akaambiwa kuwa mashine yake haiwezi kushika Wi-Fi. Watu wakalia, na kilio hakikupuuzwa. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, wakaamua kwamba programu hizo ziingizwe katika diski rasmi, na zikaingia katika toleo la 12 lililotolewa mwezi Juni 2023. Walijadili kwanza, wakapiga kura, kisha wakatekeleza. Mwanachama yeyote wa Chama anaufahamu mwendo huo, maana ndio mwendo wa kikao.

Lakini haki yoyote ina wajibu wake, na hapa hatutawaonea haya walalamikaji. Wako kati yao ambao kazi yao ni kutukana tu. Mabadiliko yoyote kwao ni ubaya, hata kabla hawajayajaribu. Mwezi Januari 2013 mfumo mwingine, Fedora, ulipoleta programu mpya ya kusakinisha katika toleo lake la 18, kelele zilikuwa nyingi, hasa juu ya sehemu ya kugawa diski. Baadhi zilikuwa za haki, nyingine zilikuwa ghadhabu za mtu aliyehamishiwa kiti. Matusi hayarekebishi programu. Lalamiko lenye faida hueleza mashine ni ya aina gani, ina kumbukumbu kiasi gani, ilikwama katika hatua ipi, na maneno gani yalionekana katika skrini. Afanyaye hivyo amefanya kazi ya ujenzi hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa programu.

Liko jambo jingine katika habari hii ambalo latuchoma zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili. Toleo la 23.10 lilipotolewa tarehe 12 Oktoba 2023, muda mfupi baadaye liliondolewa mahali lilipokuwa likichukuliwa. Sababu yake ilikuwa nini? Katika tafsiri ya Kiukraini ya programu hiyo hiyo ya kusakinisha, mtu mwenye nia mbaya alikuwa ametia maneno ya chuki, naye aliyapitisha katika chombo cha tafsiri kilicho nje ya hazina rasmi ya Ubuntu. Maneno yakasafishwa, na toleo likarudishwa. Wakubwa wa kazi hawakuyaona mapema. Kiukraini kilihitaji macho ya wanaokisoma.

Tujiulize basi: kama maneno hayo yangetiwa kwa Kiswahili, nani angeyaona, na baada ya siku ngapi? Lugha yetu, kwa hesabu ya UNESCO, ina wasemaji zaidi ya milioni 200. Tangu mwaka 1967 tuna Baraza la Kiswahili la Taifa. Wala kazi ya namna hii si mpya kwetu: mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini tafsiri ya programu ni shamba la kupaliliwa kila msimu. Toleo jipya huja na maneno mapya, na shamba lisilo na mwenyewe huota magugu, au huingiliwa na mwenye nia mbaya.

Tukitoka hapo turudi Kasense, maana hoja yetu iko hapa. Programu ya kusakinisha yaweza kumpendeza mtumiaji wa Ujerumani na bado ikatushinda sisi. Faili la Ubuntu 24.04 lina zaidi ya gigabaiti 5. Nani atalipia bando lake? Mfumo huo unadai kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mashine zetu ngapi zinazo? Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine itaamka au haitaamka? Na zaidi ya yote, ile hatua ya kuchagua kufuta diski nzima au kuusakinisha mfumo kando ya ule wa zamani: je, mhasibu wa shule, asiyesoma Kiingereza cha mafundi, ataelewa kwamba akibonyeza kitufe kimoja alama za wanafunzi za miaka mitano zaweza kupotea? Onyo lisiloeleweka si onyo. Maswali haya mtu wa mbali hatayauliza kwa niaba yetu, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu hayampati.

Ufipa ina somo lake la zamani katika jambo hili. Babu zetu walijenga kwa udongo zile tanuri ndefu zilizoitwa malungu, wakayeyusha mawe, wakapata chuma na kufua majembe yao wenyewe. Jembe likikataa udongo wa mlimani, mhunzi aliambiwa siku ile ile, kwa kuwa alikuwa jirani. Yalipoenea majembe ya kuagizwa, tanuri zikazimika, na mkulima akabaki na hiari moja tu, ya kununua au kuacha. Hakuwa tena na wa kumwambia. Mfumo huria waturudishia yule mhunzi. Kanuni zake zatupa nafasi ya kumwambia. Tukinyamaza, tutakuwa tumeugeuza kuwa jembe la dukani kwa hiari yetu.

Basi twatoa shauri. Vijana wetu waliosoma mambo ya kompyuta, walioko Sumbawanga na kwingineko, wasingoje toleo likamilike. Kila mwaka, kabla ya matoleo ya Aprili na Oktoba, Ubuntu hutoa toleo la majaribio. Walichukue, walijaribu katika mashine kuukuu zisizo na kitu cha kupotea, na kuandika waliyoyaona. Faili likichukuliwa mara moja na mmoja, linakiliwe kwa flashi na kupitishwa shule kwa shule. Jambo hilo ni halali kabisa, na bando litakalotumika ni moja. Walimu wa Kiswahili wakae na mafundi, wayapitie maneno ya skrini moja baada ya moja, na kuhakikisha kuwa neno la hatari linasikika kuwa la hatari. Halmashauri na vyama vya ushirika wasikubali mashine yoyote iguswe kabla kumbukumbu zake hazijanakiliwa mahali pengine. Na kila mfanyakazi aliyekwama aeleze alipokwama, kwa Kiswahili kama Kiingereza hakimtoshi, na kijana mmoja apewe kazi ya kupeleka maelezo hayo yanakohusika.

Hapana shaka programu hiyo mpya itaendelea kutengenezwa, na siku moja nayo itaitwa ya zamani. Mabishano ya watumiaji hayatakwisha, wala hatuombi yaishe. Tunaloomba ni kwamba katika mabishano hayo isikike pia sauti ya mtu wa Ufipa, akisema kwa adabu na kwa uthabiti: mashine yangu ni hii, nilikwama hapa, na neno hili halieleweki. Mfumo ulioitwa utu hauna budi kumsikiliza.