Mkato Mmoja Unavyomrudisha Mtu Darasa la Nyuma

Vijana wenzetu wa Kakuma, na ndugu zetu wa mashirika, leo tunaongelea kazi ya nyumbani ya kemia. Msikimbie. Sisi tunaowasaidia wanafunzi jioni tumechoka kusikia kwamba wenzetu waliotoka Kongo na Burundi "hawajui sayansi". Hapana. Wengi wanaijua vizuri tu. Kinachowaangusha ni kitu kingine, na ukikaa nao na daftari utakiona.

Angalia mkato. Kwenye shule za Kifaransa desimali inaandikwa 22,4. Hapa Kenya ni 22.4, na mkato ni wa kutenga maelfu. Sasa mwanafunzi anaandika gramu 4,4, jibu ni lenyewe kabisa, anapigwa kosa. Au chukua neno azote. Mtu amelisoma miaka yote, halafu anafika hapa anasikia naitrojeni. Herufi ni ile ile N, gesi ni ile ile, karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Lakini yeye ananyamaza, na akinyamaza anaandikwa kuwa hajui. Anarudishwa nyuma akae na watoto wadogo. Kuna wanaovumilia. Wengine wanaona aibu, wanaacha shule, na hapa kambini ukishaacha shule kurudi si rahisi.

Lakini pia tusibembelezane. Kuna hii tabia ya picha za majibu kwenye WhatsApp. Mmoja amefanya, usiku darasa zima limenakili, hata pale alipokosea wamekosea wote vilevile! Kwenye KCSE hakuna simu, ndugu yangu.

Sisi tunaanza kwa kulisoma swali kwa Kiswahili. "Ukichoma gramu 10 za kalsiamu kaboneti mpaka ivunjike yote, utapata gramu ngapi za kaboni dayoksaidi?" Kwa Kiingereza wanaganda. Kwa Kiswahili mtu anauliza, kwani si ni kama kuchoma mawe ya chokaa? Ndiyo, ni hivyo hivyo. Hapo mlango umefunguka, tunaandika:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Hesabu atomu pande zote mbili, ziko sawa. Moli usiiogope, ni neno la kuhesabia kama dazeni. Dazeni ni 12, moli ni 6.02 × 10²³, basi. Moli moja ya kaboneti ni 40 + 12 + 48, yaani gramu 100. Kwa hiyo gramu 10 ni moli 0.1, nayo inatoa moli 0.1 ya gesi. Moli moja ya gesi hiyo ni gramu 44. Jibu ni gramu 4.4. Inayobaki ni chokaa, gramu 5.6, na ukijumlisha unarudi kwenye 10. Hivyo umejisahihisha mwenyewe bila kumngoja mwalimu.

Kosa tunalokutana nalo kila wiki ni la maji. Mwanafunzi ana H₂ + O₂ → H₂O, anaona oksijeni moja imepotea, anaongeza kadogo pale chini: H₂O₂. Pande zimelingana, kweli, lakini hayo si maji tena, ni ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Namba inakaa mbele: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Ukimwambia hilo la kidonda anacheka, na hasahau.

Kwa wahudumu wa mashirika: tabuleti tunashukuru, ila tabuleti inayoongea Kiingereza peke yake haimfikii huyu mtu. Mgeni apimwe hesabu na sayansi kwa lugha aliyosomea kabla hajapangiwa darasa. Walimu watoe alama kwa hatua, si kwa mstari wa mwisho tu. Na vijana wanaojua Kifaransa na Kiingereza wapewe posho ndogo wakae na wenzao jioni. Si gharama kubwa ukilinganisha na hizo mashine.

Sisi tumeshaanza kuandika kwa mkono karatasi ya maneno ya kemia kwa lugha tatu. Asidi, besi na chumvi tumemaliza, tumekwama kwenye metali. Aliyesoma kemia kwa Kifaransa aje Jumamosi mchana, na kalamu yake.