Jina la kuazima katika nchi ya ugeni

Ndugu msomaji, juma hili tuitazame riwaya ambayo familia zenye jamaa ughaibuni zitafaidika nayo. Ni By the Sea ya mwaka 2001, ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anatoka Zanzibar na kutua Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi. Pasipoti yake ina jina la Rajab Shaaban Mahmud, marehemu ambaye kati yao palikuwa na uhasama mkubwa kuhusu nyumba. Aidha, ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, ilhali anakijua vyema. Afisa wa uhamiaji anampekua na kumchukulia kisanduku cha udi wa qamari. Mwenye kukijua chetezo cha nyumbani kwao ataelewa ukubwa wa hasara hiyo.

Katika jamii yetu mtu hutambulikana kwa jina lake na la baba yake. Mzee huyu anaingia nchi ya watu akiwa na nasaba isiyo yake na ulimi alioufunga mwenyewe. Baridi na chakula kigeni ni mambo ya kuzoeleka. Kinachomwelemea ni kuishi mahali ambapo hapana anayemjua yeye ni nani.

Anapotafutwa mkalimani, anayepatikana ni Latif Mahmud, mhadhiri wa London. Huyu ni mtoto wa yule marehemu! Naye aliondoka kijana kwenda kusoma Ujerumani Mashariki, akaishia Uingereza, akawakatia wazazi wake mawasiliano na kuliacha hata jina lake la Ismail. Basi mmoja amelichukua jina la mwenziwe, na mwingine amelitupa lake.

Wanapokutana, wanaanza kusimuliana. Habari za deni, nyumba na kifungo, ambazo kila mmoja alizijua kwa upande wake, zinasikika kwa ukamilifu. Latif anampata mtu wa kumweleza yaliyowasibu wazazi wake baada ya yeye kuondoka. Saleh Omar, aliyefiwa na mke na binti akiwa gerezani, anampata mtu anayemjua kwa jina lake la kweli. Hawakubaliani katika kila jambo, lakini upweke wao unapungua.

Wazazi wenzangu, ugomvi wa nyumba na mirathi ni miongoni mwa mambo yanayowafanya vijana wetu wakifika ng'ambo wasitake kutazama nyuma. Nasi tunapowapigia simu, mara nyingi huwa ni kwa ajili ya fedha. Tuwaeleze ukweli wa yaliyotokea, pamoja na yale tuliyokosea sisi, na tuwape nafasi ya kueleza yao pasina hukumu. Wazee wenye kuzijua habari hizo wangali hai. Wakishaondoka, kijana atamuuliza nani?

Wabillahi tawfiq.