Nambari kubwa kwenye jeli za meno zinapotosha umma

Matangazo ya jeli za kung'arisha meno yamezagaa mijini mwetu, kuanzia saluni hadi mitandao ya kijamii, na mengi yayo huahidi "kusafisha" meno. Kitenzi hicho hakifai hata kidogo. Kusafisha ni kuondoa uchafu ulioganda juu ya jino, kazi ambayo mswaki, uwe wa mti au wa dukani, umeifanya tangu jadi. Jeli hii hufanya jambo jingine kabisa: peroksidi iliyomo hupenya gamba gumu la nje, ikafika tabaka la ndani lenye umanjano, na huko ikazivunjavunja chembechembe zenye rangi.

Linalotukera zaidi sisi tunaofunza isimu ni nambari. Mnunuzi akiona pakiti moja imeandikwa asilimia 10 na nyingine asilimia 6, atasadiki kwamba ile ya kwanza ndiyo kali. Aghalabu ni kinyume. Ile 10 huwa ni ya peroksidi ya kabamidi, ambayo hutoa takriban asilimia 3.5 tu ya peroksidi ya haidrojeni. Ile 6, ikiwa ni ya peroksidi ya haidrojeni yenyewe, huikaribia maradufu kwa ukali. Nambari zote mbili ni za kweli, na bado msomaji amepotoshwa.

Isitoshe, ukali si kipimo cha ufanisi. Mnamo 1989, Haywood na Heymann, madaktari wa meno nchini Marekani, walieleza njia ya kuvaa usiku kifuniko chembamba cha plastiki kilichotiwa jeli ya kabamidi ya asilimia 10. Njia hiyo huchukua wiki kadhaa, lakini mwishowe weupe wake hukaribiana na wa jeli za asilimia 35 au zaidi zinazopakwa kliniki kwa saa moja. Anayenunua ukali ananunua haraka, na bei ya haraka ni fizi kuungua na meno kushikwa na ganzi. Ama zile taa za buluu zinazoelekezwa mdomoni, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba faida yake ni haba mno.

Watengenezaji wanajua namna ya kupunguza madhara. Jeli nzito haitiririki ovyo hadi kwenye fizi. Isiyo na asidi haili gamba la jino. Na ikitiwa naitreti ya potasiamu, ganzi hupungua. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua mwaka 2011 kwamba bidhaa inayozidi asilimia 0.1 ya peroksidi ya haidrojeni, hadi kikomo cha asilimia 6, iuzwe kwa madaktari wa meno pekee, wao ndio waanzishe matumizi, na walio chini ya miaka 18 wasipewe.

Kwetu Kenya jambo hili si la urembo wa matajiri tu. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru na Baringo zikiwemo, maji ya visima yana floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaolelewa kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia na hata vishimo. Kijana kama huyo hupiga mswaki asubuhi na jioni, kisha hufumba mdomo anapocheka. Kumwambia akanunue kitu cha kusafisha meno ni kumtukana, kwani meno yake si machafu. Jeli huenda ikapunguza tofauti ya rangi, ila haiwezi kuziba vishimo, na tena gamba lake lina vinyweleo vingi kuliko la kawaida. Huyu ndiye anayestahili kumwona daktari kabla ya kutoa pesa, na ndiye tangazo linamwinda.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa, na Kifungu cha 7 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lingeanza na hatua nyepesi: kila pakiti itaje, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kiasi cha peroksidi ya haidrojeni inayotolewa, dakika za kuitumia, na umri usioruhusiwa.