Siri ya mgonjwa na simu ya tabibu



Miongoni mwa maombi yanayoletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti hapa Babati, lipo moja linalozidi kila mwezi: wenye vituo vya tiba wanataka tuwasambazie matangazo yao katika kundi la WhatsApp la waumini. Wamo wapigaji hijama, wamo wasomaji wa ruqya, wamo wataalamu wa mazoezi ya viungo kwa waliopooza, na siku hizi wamo pia watoa ushauri nasaha kwa wenye sonona na kwa wanandoa waliofarakana. Tiba hizi watu wanazihitaji, wala hatuoni ubaya wa tabibu kujitangaza. Kinachotutia shaka ni mgonjwa kugeuzwa kuwa tangazo lenyewe.

Hivi karibuni tuliletewa video ya dakika mbili. Binti amelazwa juu ya mkeka, anasomewa, anapiga kelele na kujitupa huku na huku. Uso wake umefunikwa ukungu, jina halikutajwa, na chini yake yameandikwa maneno ya kumshukuru Allah kwa kupona kwake, kisha namba ya simu ya kituo. Sisi hatukuisambaza. Lakini ilikwisha kuingia mjini kwa njia nyingine, na kabla ya Isha watu walikuwa wakitaja mtaa anaokaa binti yule na shule aliyosoma. Waliitambua sauti yake. Wengine waliutambua mtandio. Mamaye hakuonekana katika darsa la akina mama kwa wiki kadhaa, na binti mwenyewe aliacha tiba katikati.

Mji wetu umekaa penye njia za Arusha, Dodoma na Singida, na wageni hupita usiku na mchana, lakini wenyeji tunajuana hadi kwa mwendo. Kufunika uso hapa si kumsitiri mtu. Kituo kingine kiliandika habari za mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa fundi baiskeli, aliyepooza upande wa kushoto katika mwezi wa Ramadhani, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Hakuna jina wala picha. Lakini mafundi baiskeli wa namna hiyo tunao wangapi? Yuko mmoja, na kila aliyesoma alimjua.

Tukiwauliza wenye vituo, jibu lao ni kwamba mgonjwa aliridhia. Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, kwa sababu neno hili ridhaa linabebeshwa mzigo usio wake. Mtu aliyelala chini ya mkono wa tabibu, anayemwamini kuliko mtu yeyote kwa wakati ule, na pengine angali anadaiwa nusu ya malipo, ataanzia wapi kukataa? Tumesikia ya mke ambaye mumewe ndiye aliyejibu "sawa" kwa niaba yake, na ya mgonjwa aliyepunguziwa bei ili akubali kupigwa picha. Ridhaa ya namna hiyo haina tofauti kubwa na kuuziwa.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (S.A.W.). Alikuwa na ugonjwa wa kuanguka, na kila anapoanguka nguo humtoka na mwili wake ukaonekana. Aliomba aombewe dua. Mtume akamhiyarisha: akitaka asubiri, na malipo yake ni Pepo, au akitaka aombewe apone. Mwanamke yule akachagua kusubiri, akabaki na ombi moja tu: aombewe asifunuke anapoanguka. Akaombewa.

Tumelirudia tukio hili mara nyingi tangu tulipoletewa video ile. Maradhi aliweza kuyavumilia. Kufunuliwa mbele ya watu, hapana. Na yeye alionwa na waliokuwapo tu siku ile. Leo anayeanguka mbele ya simu huonwa tena kesho na mwakani, na watu ambao hatawajua kamwe.

Wapo watakaosema kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Ghiba nayo ni ya kweli. Ingekuwa uongo ingeitwa uzushi.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za afya katika fungu la taarifa nyeti. Ukiacha hali chache zilizotajwa ndani yake, inataka ridhaa ya maandishi, na mwenye taarifa anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Anayeona amedhulumiwa hupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni sheria njema, ila video ikishatumwa Kondoa na Katesh, nani atapita simu kwa simu kuifuta? Kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi Septemba 2023, msimamizi wa sheria kama hii aliitoza shule ya Roma, ya Uthiru, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za wanafunzi, wala si za wagonjwa.

Yako pia mambo madogo yasiyoonekana. Mgonjwa hutuma picha ya kidonda kwa simu ya kituo, picha ikajihifadhi yenyewe pamoja na picha za harusi, na jioni simu ile ile iko mikononi mwa watoto wa tabibu. Au mtu analalamika hadharani mtandaoni kwamba hakupona, na kituo kinamjibu hapo hapo kwa kutaja alikuja mara ngapi na aliacha dawa gani. Simu ya kazi iwe ya kazi, na mlalamikaji aitwe faraghani.

Nasi wenye familia tusijitoe. Wangapi tumeona baba mzazi kitandani, mdomo wazi, mpira puani, amewekwa kwenye stetasi na mwanawe kwa kuombewa dua? Dua haihitaji picha.

Kamati imekubaliana hivi: picha au video ya mgonjwa haitapita katika kundi letu, hata aliyegeuza mgongo, hata aliyeridhia. Mwenye kituo atuletee aina ya tiba anazotoa, saa za kazi, elimu ya watabibu wake, usajili wake, bei, na kama yuko tabibu mwanamke wa kuwahudumia wanawake. Akitaka kufundisha, aeleze dalili za kiharusi au namna ya kumnyoosha mgonjwa miguu nyumbani, na mwanawe mwenyewe aliye mzima amshikie nafasi ya mgonjwa katika mafunzo hayo. Vituo vitatu vimekubali. Mwenye kituo cha nne ametuuliza atavuta vipi wateja bila video za wanaopona. Tumemwomba aanze kwa kuandika bei zake, ambazo hadi leo hazijawahi kuonekana katika tangazo lake lolote.