Kaskazi Hii, Hori Letu Lipumzike

Kusi inalegea. Wimbi la mwambani halivunji tena kwa kishindo cha Julai, maji yanaanza kuonyesha chini, na vyombo vilivyokuwa vimelala mchangani vinatiwa kalafati upya. Tangambili itapita, kisha kaskazi itashika na kukaa nasi hadi Machi. Ndugu zangu wa Takaungu, kabla haijashika tuna neno la kukubaliana. Tangu kaskazi inapoingia mpaka masika yanapoanza, wavu usitiwe ndani ya hori letu. Juya, kimia, neti ya matundu madogo, vyote vitoke. Mwenye uwezo wa kwenda nje ya mwamba aende nje, na asiye na chombo tumtafutie nafasi chomboni.

Nimeitaja miezi ya kaskazi kwa sababu. Wakati wa kusi, mvuvi wa mtumbwi hana pa kwenda. Nje bahari imechafuka, upepo haumpi nafasi, na hori ndilo lenye kitoweo. Mwenye watoto huwezi kumwambia akae nyumbani Juni na Julai akiangalia maji yakijaa na kupwa. Lakini kaskazi bahari kuu inafunguka. Nguru, jodari, kolekole na sulisuli wanapatikana, na mvuvi wa mshipi hutoka na umande wa alfajiri akarudi na upepo wa mchana. Miezi hiyo ndiyo tunayoweza kuliacha hori bila mtu kulala njaa, tukipanga vizuri.

Na ndiyo miezi ambayo hori linahitaji kuachwa. Tafi wetu hutaga mara mbili kwa mwaka, na msimu mmoja ni Januari na Februari. Watoto wake hukulia kwenye nyasi za baharini, katika maji ya kina kifupi. Kamba hupitisha utoto wake kwenye mizizi ya mikoko, mahali ambapo maji matamu ya mvua hukutana na maji ya chumvi, na changu wengi huanza maisha humo humo kabla ya kutoka kwenda mwambani. Wavu wa matundu madogo ukipita hapo haubagui. Angalia ndoo inapopandishwa pwani asubuhi: tafi wa urefu wa kidole, changu ambao mistari yao haijakolea, visamaki vya kila aina vimeshikana kwa ute, na juu yake majani yaliyong'olewa pamoja nao. Ndoo nzima huuzwa kwa bei ya samaki wachache wazima. Tafi hukua upesi. Yule wa kidole, akiachwa, kabla hajatimiza miaka miwili ni samaki wa kujaza sahani, na atakuwa ameshataga.

Mwamba wenyewe hauna nguvu zake za zamani. Maji ya pwani yetu hushuka karibu nyuzi 25 mwezi wa Agosti na kupanda kufikia 29 na zaidi mwezi wa Machi. Yakizidi hapo na kukaa, matumbawe hupauka na mengi hufa. Mwaka 1998 tulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya kwa joto la namna hiyo, likarudi 2016, na likarudi tena 2024. Joto la bahari nzima haliko mikononi mwa mtu wa Takaungu. Hori liko mikononi mwetu, na mwamba uliodhoofika unahitaji samaki wachanga zaidi, si wachache zaidi.

Wenzetu wa Kuruwitu, hapo kusini kwetu kabla ya Vipingo, walianza kujipanga 2003. Kufikia 2005 walikuwa wamefunga eneo la takriban hekta 30 la bahari waliyokuwa wakiivua wao wenyewe. Haikuwa rahisi. Mtu kuambiwa asivue alipovua babu yake ni jambo zito, na ubishi ulikuwepo. Leo samaki wamerudi ndani ya eneo lile, wanatoka nje ya mpaka na kuvuliwa, na 2017 jumuiya ile ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Walikuwa wavuvi kama sisi, wa vyombo vidogo kama vyetu. Mimi siombi hata tufunge daima kama walivyofunga wao. Naomba msimu mmoja wa mwaka. Kule ghuba ya Malindi na Ungwana, mpango wa uvuvi wa kamba wa 2010 uliziwekea meli za kukokota nyavu mapumziko kuanzia Novemba hadi Machi. Ikiwa meli kubwa zimewekewa miezi ya kusimama, sisi wenye hori dogo tunaweza kujiwekea yetu.

Sasa nije kwenye lililo gumu, maana wito usioligusa hilo ni maneno matupu. Anayevua horini kaskazi si mtu mbaya. Mara nyingi ni kijana asiye na chombo, hana mshipi wa maana, hana pesa za barafu, na neti anayoivuta ni ya tajiri ambaye lazima auziwe samaki kwa bei anayoitaka yeye. Tukimwondoa horini bila kumpa pa kwenda, atarudi usiku. Kwa hiyo nasema kwanza na wenye vyombo. Kila chombo kinachotoka nje kaskazi hii kichukue baharia mmoja zaidi kutoka kwa hao vijana, apate fungu lake kama wengine baada ya sehemu ya chombo kutolewa, na afundishwe mwamba uko wapi na mkondo unavutaje. Wazee mlioacha kwenda bahari, alama za maeneo mnazo nyinyi. Mkizikwa nazo zitakuwa zimekwenda. BMU, umoja wetu wa kusimamia ufuo, nayo itenge sehemu ya ushuru wa samaki inunue mishipi, ndoana na makasha ya barafu, yaazimwe kwa kuandikwa daftarini. Tukichanga wote, hata chombo kimoja cha umoja kinawezekana kabla ya kaskazi ya mwakani.

Na si lazima hori lifungwe hata kwa mtu wa mshipi au wa lema. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wenzao walijaribu malema yenye ufa mwembamba ubavuni: samaki mchanga anapenya na kutoka, mkubwa anabaki. Wavuvi waliotumia malema hayo hawakupoteza kipato. Wasukaji wetu wanaweza kuuacha ufa huo bila gharama yoyote. Lema la namna hiyo libaki, mshipi ubaki, wavu utoke.

Mama zetu wa kukaanga samaki, nguvu yenu ni kubwa kuliko mnavyoambiwa. Ndoo ya samaki wa kidole ikikosa mnunuzi siku tatu mfululizo, haiji siku ya nne. Najua samaki hao ndio wa bei ya mtu maskini, na kwamba mteja wa shilingi chache naye anataka kula. Ndiyo maana vyombo vinavyotoka nje viwauzie kwanza nyinyi wa hapa, kwa bei ya hapa, kabla gari la Mombasa halijapakia. Hilo liandikwe kwenye makubaliano, lisiachwe kwa hisani ya mtu.

Sheria tunayo. Juya na bunduki ya kuvulia vimepigwa marufuku tangu 2001, kanuni za BMU za 2007 zinatupa haki ya kutunga sheria ndogo za ufuo wetu, na Sheria ya Uvuvi ya 2016 imeimarisha usimamizi wa pamoja. Lakini bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, ni mmoja na fuo ni nyingi. Wageni wa dago, wanaopiga kambi ya uvuvi kutoka Pemba, nao huja msimu huu huu wa kaskazi. Ni ndugu, wengi ni wavuvi mahodari, na mgeni hufuata anachokiona kwa mwenyeji. Wakikuta sisi wenyewe tumetoa nyavu horini, watatoa zao. Wakitukuta tunavuta, tutawaambia nini?

Na mikoko isikatwe. Anayekata mkandaa kwa boriti au kwa makaa anaondoa makazi ya kamba ambaye jirani yake angemvua.

Namwomba mwenyekiti wa BMU yetu aitishe kikao kabla ya Desemba, Ijumaa baada ya sala, siku za maji mafu ambapo wavuvi wengi wako mjini. Wenye vyombo waje, vijana wa neti waje na neti zao zikaguliwe matundu bila kutukanwa, mama wakaangaji wakae mbele wala si nyuma, na imamu na walimu wa shule wawepo. Tuchore mpaka, tutaje tarehe ya kufunga na ya kufungua, tuandike majina ya mabaharia na vyombo watakavyopanda. Kila nyumba ya Takaungu itume mtu mmoja.